Kuku wa Kombania ya Saba

Haya niliyoyaandika humu niliambiwa na wifi yangu Tusekile, dada wa marehemu mume wangu, mwaka ule mahindi yalipozaa hata tukakosa magunia. Tulikaa siku nne mkekani tunapukuchua, na vidole vilipoanza kuuma ndipo akaleta habari za Silwambi. Tusekile alikuwa mwuza kuku. Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akikuambia tetea wangu anataga, chukua, utakula mayai.

Nilimwuliza alifikaje huko. Akasema, "Wifi, njia haina maneno. Nilifika." Basi na mimi sitaongeza.

Silwambi ni nchi nzuri, alisema. Ardhi yake inakubali ndizi na njegere, watu wana adabu na wanajua kupika. Lakini wote wanaogopa hewa. Si baridi wala upepo, ni hewa yenyewe. Miaka arobaini nyuma wakubwa wao walisikia kwamba duniani kuna majeshi yanayoua watu kwa hewa ya sumu na kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tangu hapo jeshi la Silwambi halikufanya kazi nyingine ila kujiandaa kuokoka siku hiyo. Huko asubuhi mtu hamwulizi mwenzake ameamkaje. Anamwuliza, "Umevuta?" Mwenzake anavuta pumzi kwa pua, anatulia kidogo, anajibu, "Nimevuta, ni safi." Akichelewa kujibu, watu wanaanza kurudi nyuma.

Tusekile alimwuliza askari wa getini adui yao ni nani.

"Bado hajapatikana, mama," akajibu askari. "Maandalizi kwanza."

Kila askari alikuwa na barakoa ya mpira, imetengenezwa mbali, imetiwa katika sanduku la bati na kufungwa kwa lakiri. Sheria ilikataza kuivunja lakiri hiyo kabla ya siku yenyewe, kwa sababu barakoa ikivaliwa inachakaa, na barakoa iliyochakaa haifai vitani. Kwa hiyo walijizoeza kuvaa bila kuvaa. King'ora kikilia, kila askari anasimama wima miguuni pa kitanda chake, anapeleka mikono usoni, anaishusha, anapaza sauti: "Nimevaa!" Wakubwa wanashika saa. Kuna kikombe cha fedha kila Ijumaa. Mwaka ule kikombe kilikuwa cha askari mmoja mrefu aitwaye Anosisye wa Kombania ya Saba, ambaye alivaa kwa sekunde nne. Tusekile alimwona akifanya na akasema kweli hajaona mtu anayevaa kitu kisichokuwepo kwa umaridadi kama ule.

Alimwuliza mtunza ghala kama barakoa hizo zinawatosha askari kichwani.

"Zote zina saizi moja," akasema mtunza ghala. "Askari ndio hawalingani."

Tena kila askari alibeba mfukoni sindano ya dawa, ya kujichoma akivuta sumu. Pamoja nayo alibeba fomu tatu. Mgonjwa mwenyewe ndiye alitakiwa kuzijaza kabla ya kujichoma, akiwa na akili timamu, kwa mwandiko usiotetemeka.

Sasa nije kwenye kuku.

Wakubwa wa Silwambi waliona kwamba hewa ya sumu haina rangi, na askari akishaijua huwa amekwisha. Wakafikiri sana. Mmoja akakumbuka kwamba kuku ana kifua chepesi, hewa ikiharibika yeye hutangulia. Basi ikatungwa sheria kwamba kila kombania iwe na kuku mmoja wa ulinzi, atundikwe katika tundu mlangoni mwa hanga wanamolala askari. Kuku akapewa cheo cha koplo, namba, na posho ya mtama. Kombania ikiandamana kwenye gwaride, tundu linatangulia, na makuruta wanampigia kuku saluti kwa sababu amewazidi cheo.

Kila kuku alikuwa na mlinzi wake, na kila asubuhi mlinzi huyo aliandika katika daftari kubwa maneno mawili: Kuku mzima. Siku atakapoandika Kuku amekufa, king'ora kinapigwa, lakiri zinavunjwa, hanga linafungwa siku tisini na kila kilicho karibu nalo kinachunguzwa. Neno hilo likishaandikwa na mlinzi, hata Jenerali hana uwezo wa kulifuta. Hiyo ndiyo sheria, na Tusekile alisema ni sheria nzuri, hakuisikia nyingine nzuri kama hiyo nchi nzima.

Ila mwaka wa kwanza kicheche aliingia akamla kuku wa Kombania ya Tatu. Mlinzi akaandika kweli. Tume ikakaa. Kicheche alipitia wapi? Alikuwa peke yake? Alitumwa na nani? Kapteni wa kombania ile aliulizwa maswali miaka mitatu, akaingia na nywele nyeusi akatoka nazo nyeupe, na mlinzi akapelekwa kuvunja mawe. Tangu mwaka ule, katika madaftari ya Silwambi, hakuna kuku aliyekufa tena. Yule wa Kombania ya Saba alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na Jumamosi iliyokuwa inakuja angevikwa nishani ya utumishi mrefu.

Tusekile hakuyajua hayo siku sajini mmoja alipomjia sokoni. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, macho mekundu ya kukosa usingizi, na mfukoni alikuwa na unyoya uliofungwa katika karatasi. Jina lake Malekela.

"Mama, nataka tetea," akasema. "Awe mwekundu kama unyoya huu. Awe kishingo, shingo tupu bila manyoya. Mdomo uwe na doa jeusi upande wa kushoto."

"Baba, unanunua kuku au unaposa?"

"Nanunua. Fanya upesi."

"Huyu hapa mwekundu, kishingo. Doa hana."

"Doa nitaweka mimi."

Alimchukua, akamficha ndani ya koti, akaenda mbio mbio. Siku mbili zikapita, akarudi na unyoya uleule. Tusekile akampa mwingine. Siku mbili zikapita, huyo tena, alfajiri kabla jua halijapanda, hana hata salamu.

"Mwekundu, kishingo," akasema.

"Sikuuzii," akasema Tusekile.

"Mama yangu, nakuomba."

"Kuku wangu wawili umewapeleka wapi? Mimi nauza kuku wa kufugwa na wa kuliwa. Wewe sikuoni unashiba wala sikuoni unafuga. Nioneshe waliko, ndipo nikupe wa tatu."

Malekela aliangalia kulia na kushoto. Kisha akachukua tenga la kuku la Tusekile akalibeba mwenyewe begani, akampitisha getini akisema huyu mama ni fundi wa matundu. Getini wakamwuliza Tusekile amevuta, akasema amevuta, wakampisha.

Kuku alikuwa katika tundu, mgongo chini, miguu juu. Tusekile alimtoa akampapasa. Nilimwambia, wifi, si kilikuwa kideri tu? Akanicheka. Kuku wa kideri, alisema, anapinda shingo, anaharisha kijani, anazubaa siku nzima kabla ya kuanguka. Huyu alikuwa amenenepa, gole limejaa mtama wa jioni, mdomo wazi na povu limekauka pembeni. Alikuwa amekufa kama mtu aliyezibwa pumzi. Tusekile akatazama chini ya dirisha, akaona nzi wamelala wametandazika kama pilipili manga iliyomwagika. Akaona na mijusi miwili. Na ndani ya hanga, vitandani, askari walikuwa wanakohoa, huyu akimaliza anapokea yule.

"Wanakohoa tangu lini?" akauliza.

"Wiki hii. Daktari amesema ni vumbi la mtama wa kuku."

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Ghala."

"La nini?"

Malekela alisogea karibu. Halafu akamweleza, kwa sauti ya chini. Zamani jeshi lilinunua mapipa arobaini ya hewa ya sumu, ili askari wafundishwe harufu yake. Yalipofika ikaonekana kwamba ni hatari kuyafungua. Yakawekwa ghalani, na Kombania ya Saba ikapewa kuyalinda, ndiyo maana hanga lao likajengwa limegusana na ghala.

"Mapipa yenyewe yana umri gani?"

"Sawa na kuku."

"Kuku yupi?"

"Wa daftarini," akasema Malekela.

Tusekile akakaa chini kwenye tenga lake. Malekela naye akachuchumaa, na hapo yakamtoka yote. Alikuwa mlinzi wa kuku miaka kumi na miwili. Kuku kumi na tisa walikuwa wamemfia, huyu akiwemo. Wengine walikufa kwa uzee, mmoja alimezwa na nyoka, na kila mmoja alimtafutia anayefanana naye, akamtia doa kwa wino. Kila usiku aliamka mara tatu kumpapasa kuku kama anapumua. Kwa sheria ya Silwambi kila kuku aliyebadilishwa ni mwaka mmoja wa kuvunja mawe.

"Nina miaka hamsini na minne, mama. Jumlisha."

"Sijumlishi. Humu ndani wanalala wangapi?"

"Tisini."

"Na wewe mmoja."

Malekela alimpokea tetea wa tatu, akamtia doa mdomoni, akamtundika. Kisha akamfunga yule mfu katika kitambaa na kusema atakwenda kwenye baraza la wakubwa asubuhi hiyohiyo. Daftarini ataandika Kuku mzima kama kila siku. Atawaonesha tu, wao ndio wakubwa, watatoa amri wenyewe askari wahamishwe, na daftari litabaki kama lilivyo. Tusekile alimwambia, "Mimi nitakuja, maana wewe ukifika pale utasema umemwokota tu njiani."

Baraza lilikaa katika chumba chenye madirisha mapana yaliyozibwa kwa nta kuzunguka. Mezani alikaa Jenerali Kalenga, mtu mwenye sauti tulivu na kucha safi. Kuliani kwake Daktari wa Jeshi. Kushotoni Mwanasheria. Na kwenye kimeza cha pembeni Luteni Kisula, kijana mwembamba, katibu wa baraza, anayeandika kila neno na kuyatunza madaftari ya kuku. Malekela akamweka kuku mezani, akafungua kitambaa.

Wakubwa waliinama kumtazama.

"Huyu ni nani?" akauliza Jenerali.

"Koplo wa Kombania ya Saba, afande."

"Mbona amelala?"

"Amekufa, afande."

Jenerali akamgeukia Luteni Kisula. "Leo asubuhi daftari linasemaje?"

"Kuku mzima, afande. Lina saini ya sajini mwenyewe. Na nimempita mlangoni sasa hivi, anakula mtama."

"Kwa hiyo kuku wa Kombania ya Saba anakula mtama," akasema Jenerali, "na hapa mezani yuko kuku wa Kombania ya Saba. Mwanasheria?"

Mwanasheria alisema jambo ni jepesi. Kisheria kuku hufa anapoandikwa. Huyu hakuandikwa, kwa hiyo kama ana tatizo si la kufa. Daktari akambonyeza kuku kwa kalamu, akasema kwa macho yake anaona uchovu mkubwa, jambo la kawaida kwa kuku wa miaka thelathini na mmoja.

"Jamani, ananuka!" akasema Tusekile kutoka mlangoni.

"Huyo mama ni nani?"

"Mwuza kuku, afande," akasema Malekela.

"Mama," akasema Jenerali kwa upole kabisa, "wewe umesomea hewa?"

"Sikusomea, baba. Naivuta tu."

Luteni Kisula alicheka, kisha akainama akaandika kwamba katibu alikohoa.

Malekela akajikaza, akasema kuhusu mapipa na nzi na kikohozi. Sasa chumba kikachangamka. Mwanasheria alifungua kitabu akasoma kwamba sheria ya kuku inahusu hewa ya adui. Hewa ikiwa ya adui ni shambulio, na shambulio lina utaratibu wake. Lakini hewa hii, kama ipo, imenunuliwa kwa stakabadhi, ina namba ya ghala. Hewa yetu wenyewe ni mali. Mali ikitoka ghalani bila kibali huo ni upotevu, na upotevu unashughulikiwa na ofisi ya ugavi. Daktari akauliza kama askari wanaoivuta wanaweza kuhesabiwa kuwa wameichukua bila ruhusa. Mwanasheria alisema ni swali zuri.

"Afande," akasema Malekela, "niwahamishe tu vijana kwa siku mbili. Waambiwe ni zoezi."

"Na Jumamosi?" akauliza Jenerali. "Wageni wamealikwa. Kuku anavikwa nishani mlangoni mwa hanga lake. Unataka avikwe kwenye hanga tupu? Watu watauliza askari wako wapi, na wakijibiwa wataogopa. Sajini, jeshi hili limejengwa miaka arobaini ili watu wasiogope."

Ikaamuliwa iundwe kamati ndogo ya kumnusa kuku. Malekela akaonywa asiandike lolote daftarini mpaka kamati itoe neno. Ilikuwa saa nane mchana, wakubwa wakaenda kula.

Malekela na Tusekile walirudi hangani. Ilikuwa saa ya mapumziko, na askari wote tisini walikuwa vitandani kama ratiba inavyotaka. Jua lilikuwa limewaka sana na bati la ghala lilikuwa likilialia kwa joto. Walipokaribia, Tusekile akasikia harufu kama ya majani mabichi yaliyolundikwa yakachemka. Tetea wa tatu alikuwa ameanguka ndani ya tundu, amekufa. Mtama ulikuwa bado mdomoni.

Malekela hakuuliza mtu. Alikimbilia kamba ya king'ora akaivuta kwa uzito wake wote.

Hapo Tusekile alisema alishuhudia kitu ambacho mpaka leo hajui kama acheke au alie. King'ora kililia, na askari tisini wakaruka kutoka vitandani, wakasimama wima miguuni pa vitanda, mikono usoni, mikono chini, na wakapaza sauti kwa pamoja: "Nimevaa!" Na ili mtu apaze sauti namna ile ni lazima kwanza ajaze kifua. Masanduku ya bati yalikuwa juu ya makabati, lakiri zote salama. Wakabaki wamesimama, macho mbele, machozi yanawatiririka, wanasubiri kupimwa.

"Tokeni!" akapiga kelele Malekela. "Tokeni nje!"

Hakuna aliyesogea. Katika mazoezi ya Silwambi hakuna amri ya kutoka. Mtu akishavaa yuko salama, atoke aende wapi?

"Tokeni, mtakufa!"

Askari mmoja wa mbele akasema pembeni ya mdomo, bila kugeuza shingo, "Afande, tunapimwa?" Na kukohoa kukamkata.

Tusekile alimvuta Malekela mkono. "Hivi mazoezi yakiisha huwa wanafanya nini?"

"Wanakwenda kula."

"Sasa?"

Malekela akajaza kifua chake akiwa nje ya mlango, akanguruma kama gwarideni: "Mazoezi yamekwisha! Wali na nyama, kilimani, juu ya uwanja! Wa kwanza anapewa paja!"

Walitoka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Tusekile alisukumwa mpaka ukutani, tenga likakanyagwa. Wakapanda kilima, upande upepo unakotoka, wanaanguka wanainuka, na kule juu hawakukuta wali wala moto. Wakaketi kwenye nyasi wakitapika na kulalamika juu ya nyama. Malekela akapita katikati yao akiwahesabu kwa kidole. Akafika themanini na tisa. Akarudia. Themanini na tisa.

"Anosisye yuko wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema kwamba Anosisye amebaki. Alisema mazoezi hayajaisha kwa sababu king'ora cha pili hakijalia, na kwamba yeye hawezi kuuza kikombe kwa paja la kuku.

Tusekile alikuwa amejifunga khanga mbili. Alishuka na Malekela mpaka chini ya kilima, akavua moja akailowesha kwenye ndoo ya mpishi, akamfunga Malekela puani na mdomoni, akamkaza kisogoni kama anayefunga mzigo wa kuni. "Usivute mpaka utoke," akamwambia. Yule mtu mzima mnene akaingia hangani.

Alimkuta Anosisye bado amesimama wima, macho yamegeuka meupe, magoti yamejifunga. Alimbeba kama gogo. Walipotokeza mlangoni wote wawili walikuwa wa rangi ya majivu. Watu wanne wakashuka kuwapokea. Sindano ilikuwepo mfukoni mwa Anosisye pamoja na fomu zake tatu. Malekela akamchoma sindano pajani, na fomu akamfutia povu.

Dawa ilichukua kitambo kumwingia Anosisye. Kisha akafumbua jicho moja.

"Afande. Nimetumia sekunde ngapi?"

"Nne," akasema Malekela. "Lala, mwanangu."

Mchana ule ulikwenda hivyo. Askari, mmoja mmoja, kukohoa kukawaachia, wakalala kwenye nyasi kofia usoni. Malekela hakulala. Alikwenda kwa kila mmoja, akaweka kiganja karibu na pua, akangoja mpaka asikie pumzi inatoka na nyingine inaingia, ndipo akaenda kwa mwenzake. Alikuwa kwa mtu wa arobaini na kitu Luteni Kisula alipofika anahema, daftari kubwa kwapani.

"Sajini, hongera," akasema Luteni.

Malekela akaendelea na kiganja chake.

"Wakubwa wameona kutoka dirishani. Jenerali ameshika saa mwenyewe. Anasema kombania nzima kufika kilimani kwa muda ule haijatokea tangu jeshi lianzishwe. Ameamuru zoezi hili liingizwe katika vitabu. Unapandishwa cheo, unakuwa afisa. Jumamosi utasimama karibu na kuku."

"Kuku yupi?" akauliza Tusekile.

Luteni akajifanya hakusikia. "Nimekwisha kuandika. Kuku mzima, zoezi limefaulu. Weka saini yako tu, basi, na jioni vijana wanarudi hangani kwao."

"Wanarudi," akasema Malekela.

"Kuku akiwa mzima hewa ni safi. Kwa nini wasirudi?"

"Luteni, umevuta?"

Luteni Kisula akafungua mdomo ajibu kama wote wanavyojibu. Upepo ulikuwa ukitokea upande wa pili, lakini macho yake yalikuwa yanatazama kule chini, kwenye bati la ghala, na hakujibu. Tusekile alisema hilo ndilo jambo la pekee lililomfanya ampende kidogo yule kijana.

"Na nisipotia saini?" akauliza Malekela.

"Unajua mwenyewe, sajini. Usiniulize."

"Ngoja nimalize kuhesabu."

Luteni akangoja amesimama, jua likimpiga kisogoni. Malekela alikwenda mpaka mtu wa themanini na tisa. Wa tisini alikuwa Anosisye. Hapo alikaa zaidi, kwa sababu pumzi ya Anosisye ilikuwa inakuja kwa mikwaruzo kama msumeno kwenye ubao mbichi, lakini ilikuwa inakuja. Alipotosheka akakaa kitako, akanyoosha mkono apewe daftari na kalamu.

Alikata mstari juu ya maneno ya Luteni. Chini yake akaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza: Kuku amekufa. Hakuishia hapo. Akaongeza: Huyu ni wa ishirini. Nilianza kuwabadilisha mwaka wa kwanza wa kazi yangu. Mimi Malekela, sajini. Akatia saini, akapuliza wino ukauke.

Luteni alisoma, akawa kama mtu aliyepewa kaa la moto ashike. "Hili neno halifutiki."

"Najua."

"Hanga litafungwa. Ghala litafunguliwa. Wageni… Sajini, kuku ishirini! Utafungwa wewe!"

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia nitakapolifikisha hili mezani kwa Jenerali."

"Basi tembea polepole," akasema Malekela.

Akavua kofia, akaiweka chini ya kichwa, akajilaza kwa ubavu katika nyasi katikati ya vijana wake, buti miguuni. Tusekile akaichukua ile khanga iliyokuwa imeanza kukauka, akamfunika mabega. Hakukuwa na kuku wa kuamkia kumpapasa. Luteni Kisula alikuwa bado hajapiga hatua hata moja, daftari liko wazi mikononi, Malekela alipoanza kukoroma.